Nyonga ya Mama Kwenye Gunia la Mahindi

Kwa miezi minne nyonga ya mama yangu ilikaa chini ya kitanda changu, ndani ya sanduku la bati, katikati ya khanga mbili za mgawo na mche mmoja wa sabuni. Nikianza hivi watu hunikatiza hapo hapo: nyonga ipi sasa, si alikuwa nayo mwilini? Alikuwa nayo, ndiyo. Na nyingine ilikuwa chini ya kitanda. Kama unachanganyikiwa, karibu, nami nilichanganyikiwa nikiwa humo humo ndani, na kuna mahali katika habari hii sijapaelewa hadi leo.

Mama aliteleza kwenye shamba letu la milimani kule Mbulu akavunjika mfupa wa paja, karibu kabisa na kiungo. Daktari mmoja wa kigeni, kwenye hospitali ya misheni iliyo mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Babati, alimwekea chuma. Alitembea na chuma kile miaka kadhaa, akapanda na kuvuna, akaenda kanisani kwa miguu yake. Kisha akaanza kuchechemea. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Babati mjini, nimepanga vyumba viwili nyuma ya duka la mfanyabiashara mmoja, nikamchukua akae kwangu. Alipofika nilimpokea stendi na mguu wake ulikuwa umeshapungua urefu wa vidole vinne. Nilimfokea mbele za watu kwa kunificha. Ndivyo nilivyo mimi, huruma ikinizidi hutoka kama ugomvi.

Tukarudi kwa daktari yule yule. Akampiga picha, akaiinua dirishani, akatuonyesha. Chuma kilikuwa kimelegea ndani ya mfupa, kinacheza kama mpini kwenye jembe bovu, na kila kilipocheza kiliusaga mfupa kwa ndani mpaka ukabaki ganda. Vyuma alivyokuwa navyo hospitali vilikuwa vya saizi, kama nguo za dukani, na vyote vilikuwa vidogo kwa tundu lile. Kilihitajika cha kushonesha. Angechukua vipimo vya mama, avipeleke kwao Ulaya, na fundi wa huko angetengeneza chuma cha mama peke yake, kirefu, kishuke mpaka pale mfupa ulipobaki mzima.

"Kwa hiyo huyo fundi hajawahi kuniona," mama aliuliza, "na atajua nyonga yangu?"

"Ataijua kuliko wewe, mama," daktari alijibu kwa Kiswahili chake cha kimisheni.

Mama alinigeukia kwa lugha yetu akasema jambo hilo si la heshima. Mwanamke aliyejifunika maisha yake yote, leo mtu asiyemjua ameketi mahali kwenye baridi anachonga kiungo chake cha ndani kabisa.

Daktari alikwenda likizo, akarudi nacho kwenye boksi. Hakuweza kupasua mara moja kwa sababu ile saruji ya kushikiza chuma kwenye mfupa ilikuwa imeisha, na dawa ya usingizi nayo ilikuwa ya kubahatisha. Akampa mama boksi akae nalo.

"Vitu vya stoo yetu siku hizi vinaota mbawa," alisema. "Hiki hakimfai mtu mwingine duniani, lakini mwizi hajui hilo. Kaa nacho. Nitakuita."

Miaka ile hatukuona ajabu sana. Mgonjwa alikwenda hospitali na glavu zake, pamba yake, na mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Basi mama naye angekwenda na nyonga yake. Aliipakata safari nzima kurudi Babati, na abiria aliyeketi naye alidhani ni redio.

Nilikiona mara moja tu, kupitia nailoni mbili zilizofungwa kwa moto. Fimbo ya chuma inayong'aa, ndefu kama kutoka kiwiko changu mpaka kifundo cha mkono, imepinda kidogo, na juu yake tufe laini kama jicho. Pamoja nacho kulikuwa na karatasi tatu: mchoro wenye vipimo, barua ya kiwanda, na barua ya daktari yenye jina la mama na mhuri wa hospitali. Tukafunga. Tangu siku ile nikifagia chini ya kitanda na ufagio ukagonga sanduku, nilijikuta nasema "samahani". Sijui nilikuwa namwomba nani. Mama alikuwa ameketi nje juani anachambua maharage, mzima.

Ujumbe ukaja kwa dereva wa kanisa. Saruji imefika. Mama aliposikia saruji alicheka mpaka akashika mbavu: "Saruji? Watu wana msingi wa nyumba umeota majani mwaka wa pili, mimi ndiye nimepata saruji?" Lakini sehemu ya pili ya ujumbe haikuwa ya kucheka. Daktari alikuwa amemaliza mkataba, anarudi kwao mwisho wa mwezi, na atakayemrithi hajulikani. Angempasua mama Ijumaa ya wiki inayofuata, ndiyo nafasi ya mwisho. Alhamisi tuwe tumefika. Ijumaa hiyo ikipita, mama angebaki na jembe lake bovu mpaka ganda la mfupa lipasuke, na likipasuka hatainuka tena kitandani. Dereva aliyasema hayo akitazama viatu vyake.

Tulifurahi siku tatu. Jumamosi ukaja msako.

Aliyeishi wakati ule hahitaji kuelezwa. Asiyeishi aelewe hivi tu: sukari, sabuni, betri, nguo, vipuri, kila kitu kilikuwa cha foleni, na serikali ilikuwa imewachachamalia walanguzi na wote walioficha bidhaa. Nyumba zilipekuliwa. Waliokutwa na vitu walivyoshindwa kuvieleza waliondoka na mgambo, na wengine tulikaa muda mrefu bila kuwaona. Woga ulikuwa mkubwa kuliko makosa. Watu walichoma vitu vyao halali. Nilimwona mwenzangu mmoja shuleni akibandua lebo kwenye blanketi alilopewa kwenye harusi yake.

Asubuhi ile mwenye duka, mwenye nyumba wetu, mzee wa watu asiyepaza sauti, alikuja mlangoni kwangu jasho linamtoka.

"Mwalimu, wako mtaa wa juu. Wanaingia mpaka vyumba vya wapangaji, wanasema tunafichiana. Chochote chenye maandishi ya nje, choma. Usiniulize, choma!"

Nilivuta sanduku. Khanga zangu zilikuwa za mgawo, sabuni ilikuwa moja, hizo nisingeshindwa kuzieleza. Lakini boksi lile! Maandishi ya Ulaya pande zote, na ndani chuma kinachong'aa. Na kipuri ndicho kitu kilichokuwa kinatafutwa kuliko vyote. Nikajisemea, bila boksi na bila karatasi, chuma ni chuma tu, hata cha jembe chaweza kuwa. Naapa wakati ule niliona ni akili. Mwalimu mzima! Nikabeba boksi, nailoni, na karatasi zote tatu, nikatia jikoni kwenye mafiga, nikapuliza. Mchoro wa nyonga ya mama ulijikunja, ukawa mweusi, ukaisha.

"Mwanangu, unaunguza nini?" mama aliuliza kutoka chumbani alikokuwa amelala.

"Takataka, mama."

Chuma nilikisukumiza katikati ya gunia la mahindi, nikalifunga.

Waliingia wanne. Walikuwa na adabu, niseme ukweli, walimwambia mama asisumbuke kuinuka. Mgambo mmoja alikuwa na nondo nyembamba ya kuchomea magunia, maana watu walificha sabuni humo. Akachoma gunia la kwanza, kimya. Akachoma la pili, likalia: ngee!

Kiongozi wao, afisa kijana mwenye shati jeupe, alikitoa akakipangusa unga wa mahindi.

"Nini hii, mwalimu?"

Hapo akili ziliniruka. Ningeweza kutulia na kueleza tangu mwanzo. Badala yake nikasema, "Nyonga."

"Nyonga ya nani?"

"Ya mama."

Wote wanne wakamtazama mama kitandani, halafu wakaangua kicheko. Afisa alipomaliza kucheka akauliza karatasi ziko wapi. Kitu cha nje kina karatasi. Alichotaka kwanza kabisa ni kile ambacho majivu yake yalikuwa bado ya moto hatua tano kutoka aliposimama. Nikasema sina. Akakifunga kwenye gazeti, akaandika jina langu, akaniambia nina bahati ni kimoja, vingekuwa viwili ningekwenda naye. Wakaondoka.

Mama alikaa kitandani, mikono magotini. "Na zile karatasi za daktari? Si zinaeleza kila kitu?"

"Wamechukua vyote, mama," nikasema. "Na karatasi."

Uongo ule ulinitoka mdomoni kabla sijauona. Nikangoja nijisahihishe, na dakika ikapita.

Jumatatu sikwenda darasani, nilikwenda ofisini kwao. Stoo ilikuwa chumba cha pembeni, mlango wazi, na mtunza stoo, mzee wa makamo mwenye koti, alikuwa anafunga vikaratasi kwenye vitu kwa uzi. Nikaiona nyonga ya mama juu ya rafu, kati ya pampu ya maji na gia za trekta. Kikaratasi chake kiliandikwa: KIPURI, LORI, KIMOJA. Walikuwa wamemwita fundi wa gari akitambue, naye akasema ni cha usukani, ila gari lenyewe halijui.

"Halijui kwa sababu halipo!" nilifoka. "Hilo lori ni mama yangu!"

Mtunza stoo aliinamisha kichwa ili nisimwone anacheka. Afisa hakucheka. Akasema mwalimu, punguza sauti, leta ushahidi utachukua mali yako.

Ushahidi ninao! Nilikumbuka ile picha ya hospitali, ilikuwa imebaki juu ya kabati kwenye bahasha yake. Nikaifuata mbio. Jumanne asubuhi nikaingia kwa kishindo, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha la afisa. Mifupa ya mama ikaonekana mjini Babati, na ndani yake chuma cheupe chenye tufe juu. Haya, tazama!

Afisa alitazama. Akaenda stoo, akarudi na kile chuma, akakiinua kando ya picha. Akapima kwa vidole, tena na tena.

"Mwalimu," alisema taratibu, "cha kwenye picha ni kifupi. Hiki ni kirefu karibu mara mbili. Na hiki kimepinda, kile kimenyooka. Au mguu wa mama umekua?"

"Sicho hicho! Hicho cha kwenye picha ni cha zamani!"

"Kumbe sicho."

"Sicho, ndiyo, ndiyo maana kikatengenezwa hiki! Kingefanana kingekuwa na kazi gani?"

"Kwa hiyo umeniletea ushahidi wa kitu kingine."

Jamani. Alikuwa na haki kabisa. Ushahidi wangu ulithibitisha kwamba mama ana nyonga ya chuma na kwamba chuma hiki siyo. Kitu chenyewe kilikuwa kimetengenezwa kisifanane na kingine chochote, na mimi nilikuwa nimechoma karatasi pekee zilizosema kinafanana na nani. Nikaanza kujieleza, nikachanganya cha kwanza na cha pili, cha ndani na cha nje, mpaka nami nikawa sijui nasemea kipi. Mtunza stoo aliniletea maji ya kunywa. Nikalia mbele yao kwa hasira, na hilo nalo likaniongezea hasira.

Nilimweleza mama jioni. Kufuata barua nyingine kwa daktari ni siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, Ijumaa ingetupita. Alifikiri, halafu akasema, "Kesho nitakwenda mwenyewe."

Jumatano tulimpandisha nyuma ya baiskeli ya jirani, mimi nimemshika upande. Safari ya Alhamisi ilikuwa kesho yake. Alijifunga shuka lake la kanisani. Kutoka mlangoni pa ofisi mpaka meza ya afisa ni hatua kumi hivi, naye alizipiga kwa fimbo, mguu mmoja unaogelea, na kila alipoukanyaga nilisikia pumzi yake ikikatika. Afisa alikuwa anaandika, hakusalimu. Sidhani alikusudia, siku zile kila aliyeingia pale alikuja kulia.

"Baba," mama alimwambia, "nimekuja kuchukua mguu wangu. Na karatasi zake mlizochukua."

Kalamu ikasimama. "Karatasi gani, mama? Sisi hatukuchukua karatasi hata moja. Mwanao anakudanganya."

Nilitazama sakafu. Saruji ya rangi nyekundu, imepasuka pembeni. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale, nafasi pana kabisa, mzee wa stoo amesimama mlangoni.

"Mwanangu ni mwalimu," mama alisema. "Hasemi uongo."

Akanigeukia. "Funga mlango."

Nikaufunga. Akaegemea meza, akafungua shuka.

Mama yangu hakuwahi kuoga mtoni na wenzake. Sisi wanawe hatukuwahi kuona goti lake. Mbele ya wanaume wawili, mchana, aliuweka wazi upande wake mmoja kutoka kiunoni hadi katikati ya paja, na kovu lile likaonekana, pana, limekunjamana, na nyama imeingia ndani mahali ambapo mtu ana mviringo. Mtunza stoo aligeukia ukuta. Afisa akabaki ametazama, hajui aweke wapi macho.

"Lete hicho chuma," mama alisema. "Daktari alinipima kutoka hapa mpaka hapa. Hapa juu mfupa umekwisha, hapa chini ndipo umebaki. Kiweke upime. Kikizidi kidole kimoja, kaa nacho."

Nje kulikuwa na mtu anauza samaki wa ziwani, anawaita watu.

"Funika, mama," afisa alisema kwa sauti ndogo. Halafu, sijui kwa nini wakati ule, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," mama akamjibu, shuka bado liko mkononi.

Alikitoa stoo mwenyewe. Kwenye daftari, mahali pa sababu ya kutoa, alifikiri sana, kisha akaandika: mwenyewe amejitambulisha. Mama akaweka alama ya kidole.

Kesho yake tukapanda basi. Daktari alipokiona chuma kwenye gazeti, na chembe za mahindi kwenye mpindo wake, alisema neno kwa lugha yao. Akakikagua chini ya taa, akasema hakina jeraha, kitapikwa kwenye mvuke upya. Akauliza karatasi za vipimo. Nikasema zilichukuliwa. Mara ya pili ni rahisi kuliko ya kwanza. Alikuna kichwa, akasema atakumbuka kadiri awezavyo. Ijumaa walikaa ndani tangu asubuhi mpaka jua likaanza kuondoka kwenye ukumbi nilipoketi. Nilihesabu vigae vya sakafu, nikapotea, nikaanza tena. Kama atakosea kipimo kwa kukosa ule mchoro, nitasema nini, na nitamwambia nani?

Hakukosea. Miezi miwili baadaye mama aliacha magongo, na miguu yake ilikuwa sawa kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu. Alirudi milimani, akaishi miaka mingi. Likizo zote nilikwenda kwake, nikaona akipanda kile kilima na ndoo kichwani. Watu walimsifu daktari, wakamsifu Mungu, na wengine wakanisifu mimi kwa kuipigania nyonga ile.

Kila jioni kabla ya kula alisali kwa sauti, orodha ile ile. Aliwaombea wanawe, mvua, daktari aliyekwenda kwao, yule kijana wa ofisini. Mwisho kabisa alisema, "Na yule aliyepoteza zile karatasi, Bwana, umsamehe, aliogopa tu." Hakusema wale waliochukua. Alisema aliyepoteza, na alisema aliogopa. Nimeyageuza maneno hayo huku na huku zaidi ya nusu ya umri wangu. Siku nyingine naamini alijua tangu pale ofisini, kwamba alifungua shuka akijua. Siku nyingine naona ni sala tu ya mwanamke mwema anayemwonea huruma mgambo asiyemjua. Ningeweza kumuuliza jioni yoyote. Kila mara alinyamaza kidogo baada ya maneno hayo, kama anayengoja, macho kafumba, nami niliyeketi kando yake niliitikia: Amina.